Mboga Nilizomkataza Mama Awino

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa, hapa Kisumu, Mfamasia Msimamizi alininyima kiti. "Simama kwanza," alisema. "Anayekuja hapa amesimama tangu asubuhi." Nikasimama nikihesabu vidonge vya moyo na vya tezi ya shingo, vile vya kumeza maisha yote. Nikifumba macho bado navisikia vikidondoka kwenye sahani, na ukungu wa ziwa uko dirishani, na mimi ni msichana.

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja karibu na Usenge. Huko nilimpata Mama Awino, muuza omena, dagaa wa ziwani, aliyekuwa na vali ya bandia moyoni na aliyeniita nyathina, yaani mwanangu. Alimeza dawa ya kuzuia damu kuganda, na kila mwezi tulimpima. Damu ikiwa nzito, vali huziba. Ikiwa nyepesi mno, mtu huvuja damu.

Mwaka mmoja ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane, uvuvi wa omena ukasimama, na damu yake ikawa nzito. Daktari akamwongezea dozi. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa ile. Ujuaji mwingi mbele kiza, vijana wangu mnaoanza kazi hii. Bila kumuuliza mkubwa yeyote, nikamwambia, "Mama, wacha kabisa osuga na apoth, mboga zote za majani."

"Sawa, daktari." Dirishani sote tuliitwa daktari.

Wiki mbili baadaye aliletwa kwa pikipiki, leso imelowa damu ya pua isiyokatika. Tulimkimbiza Kisumu kwa ambulensi, mkono wake mkononi mwangu. Niliogopa sana. Barabara ile hunijia ndotoni, ndefu, ziwa likitokea na kupotea, na hatufiki.

Alipotulia wodini, nilimweleza yote yule Mfamasia Msimamizi wa siku yangu ya kwanza.

"Ulimuuliza alikuwa anakula nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Kwa kukosa omena alikula osuga mchana na jioni, na dozi iliongezwa kufuata mboga hizo. Mimi niliondoa mboga nikaiacha dozi juu.

"Mgonjwa wa dawa hii hakatazwi mboga," alisema. "Anakula kiasi kile kile wiki zote, na dozi tunaipanga hapo."

Mama Awino alipona. Tukapatana ale bakuli moja la mboga kila siku, ziwa liwe wazi au limefungwa. Miaka ikaenda polepole, kama mchana wa Jumapili. Kosa langu sikumwambia, na aibu hiyo niliibeba.

Mwaka huu nimestaafu. Kazi yenyewe naikumbuka kwa upendo, hata foleni zake. Siku ya mwisho pale zahanati Mama Awino alikuja kuchukua dawa, nywele nyeupe kabisa, nami nikashindwa kunyamaza.

"Mama, ile damu ilikuwa kosa langu."

"Nilijua siku hiyo hiyo. Mboga niliacha juu yako, na kwa ambulensi ulikataa kuachilia mkono yangu."

"Na bado ukarudi kwa dirisha langu?"

"Ningeenda wapi, nyathina? Tangu siku hiyo ni wewe tu ulikuwa unaniuliza nimekula nini."