Kumtoa Chewa Majini Akiwa Hai

Siku yangu ya kwanza kazini niliua kila samaki niliyemgusa, na kila mmoja nilimshangilia.

Naanza hapo makusudi, maana vijana wanaonijia siku hizi hapa Magogoni kuuliza habari za kumvua chewa hudhani nilizaliwa na mshipi mkononi, sijapata kukosea. Mshipi kweli niliujua mapema. Kwetu ni Rabai, hori la bahari limepita chini ya mashamba yetu, nami nilivua huko tangu umri wa kuchunga mbuzi. Lakini uvuvi nilioujua ulikuwa uvuvi wa kawaida: samaki akishatua chomboni, kazi imekwisha. Kazi niliyoajiriwa ndiyo kwanza ilikuwa inaanzia hapo.

Kampuni moja ilikuwa inajaribu kufuga samaki kwenye hori, upande wa chini ya Mikindani. Walitengeneza vizimba, yaani mbao zilizofungwa juu ya mapipa yanayoelea, na chini yake nyavu zimening'inia majini mithili ya mifuko. Walitaka kuzalisha chewa humo. Ili wapate vifaranga ilibidi kwanza wapate wazazi, na chewa mzazi haagizwi dukani. Sharti mtu ende akamtoe mwambani kwa ndoana, amlete akiwa mzima, anapumua, hana hasira wala jeraha. Wakatafuta mvuvi wa mshipi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kwenye bohari moja Changamwe, kubeba magunia, mpaka mgongo ukakataa. Mganga wa zahanati aliniambia nichague kati ya magunia na kutembea. Mke wangu aliposikia nimepata kazi ya kuvua aliniandalia uji asubuhi ile, akanitazama nikiunywa, kisha akasema, "Baba Kadzo, hii usiipoteze. Magunia hayakutaki tena." Nilikwenda na maneno hayo.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Nahodha, mzee wa Mtongwe, Likoni, mtu wa maneno machache na kofia safi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Wajua kuvua?"

"Najua."

"Haya. Tutaona."

Tukateremka na hori, tukapita chini ya daraja, tukatoka hadi kwenye miamba ya nje. Nikatupa mshipi. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ujuzi wangu uliponiponza. Chewa anakaa pangoni. Akishameza chambo hugeuka mara moja arudi kwake, na akiingia hutanua mashavu na mapezi akakwama kama kabari, umvute mpaka kesho. Kwa hiyo mvuvi hodari humvuta kwa nguvu na haraka, mkono juu ya mkono, asimpe nafasi. Kwetu mtu alisifiwa kwa hilo. Nami siku ile nilitaka kusifiwa. Nilivuta kama ninayefukuzwa, nikawatia wote kwenye tangi la maji lililokuwa katikati ya mashua, na kila mmoja nilimpigia kelele ya furaha.

Nahodha alisubiri nimalize ndipo akaniita kwa Kimvita chake.

"Ndoo, mwanangu. Tezama mato yao."

Nikatazama. Walikuwa wanaelea matumbo juu, macho yamewatoka, na vinywani mwao kumejitokeza kitu chekundu kama puto.

"Lakini ni wazuri, Nahodha, ama?"

"Wazuri wa soko," akasema. "Sisi hatwendi soko."

Ndipo akanieleza. Ndani ya chewa mna kibofu cha hewa kinachomsaidia kutulia majini bila kupanda wala kuzama. Kule chini maji yanakibana. Ukimpandisha, maji yanalegea, hewa inatanuka, kibofu kinasukuma matumbo yote nje. Na mimi niliwapandisha kama ndoo za kisimani. Nilirudi nyumbani nimenyongea, na mke wangu alipouliza kazi ilikuwaje nilimjibu kwamba bahari ilikuwa shwari.

Nahodha alinifundisha upya, na kufundishwa upya kitu unachojidai kukijua ni kazi ngumu kuliko gunia. Kanuni yake ilikuwa kwamba chewa huvutwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kumng'oa mwambani, na hapo usimhurumie. Mara ya pili ni kumpandisha, na hapo usiwe na haraka hata kidogo. Ukishavuta pima chache za mshipi, ukajua ameliacha pango lake, unasimama. Unashikilia mshipi, hulegezi wala huvuti, halafu unapanda kidogo, unasimama tena. Nilipomuuliza nisimame kwa muda gani, alisema yeye kila kituo husoma Fatiha pole pole. Nikamwambia mimi ni Mkristo. Akafikiri.

"Nyinyi mna ipi?"

"Baba Yetu."

"Isome nisikie."

Nikaisoma. Akatikisa kichwa kukubali, akasema hiyo nayo yatosha mradi nisiikimbize. Tangu siku hiyo mashua yetu ilikuwa na sala za pande mbili, kila mtu na mshipi wake, na mtu akituona kwa mbali angedhani tumekwenda kuzika.

Mambo mengine aliyonifundisha nayaandika hapa, mtu ayatumie. Nenda siku za maji mafu, wakati bahari haijai sana wala haipwi sana, maana mkondo ukiwa mkali mshipi hulala na hutajua chini kuna nini. Chubwi, ile risasi ya kuzamishia, iwe nzito ya kutosha kugusa mwamba, kisha uinyanyue kidogo isikwame. Ngisi ndiye chambo bora, mzima, mikono yake ikining'inia. Kile kijino cha ndani ya ndoana kinachomzuia samaki kuchomoka, kibane kwa koleo kilale, ili usimchane mdomo wakati wa kumtoa. Kidole cha shahada kiache juu ya mshipi. Samaki aitwaye changu hudonoa, utamhisi kama kuku kwenye nafaka. Chewa hadonoi. Utahisi umenasa jiwe, halafu jiwe likaondoka. Hapo vuta! Na akikuwahi pangoni, usishindane naye, mshipi utakatika. Legeza, ngoja adhani umeondoka. Akikawia, kaza mshipi uupige kwa kidole kama uzi wa zeze. Kelele hiyo inamchukiza, hutoka mwenyewe.

Samaki wangu wakaanza kufika wakiwa na afadhali, lakini afadhali si uzima. Wengine waliishi siku moja, wengine mbili. Ndipo Meneja akashuka kutoka ofisini, mtu wa viatu vyeusi vinavyong'aa, akasimama kwenye gati akatazama vizimba vitupu.

"Masika ikianguka kabla hatujapata mama chewa aliye hai," akasema, "tunafungua nyavu hizi, kila mtu aende kwao."

Akarudi garini. Mimi nilibaki nimesimama pale, nikiyaona magunia ya Changamwe yakinisubiri.

Juu yetu sote pale majini alikuwako Msimamizi wa Vizimba, binti wa kutoka bara aliyesomea mambo ya samaki. Kiswahili chake kilimfanya Nahodha afumbe macho kama mtu aliyeuma jino bovu. Lakini mikono yake! Yeye ndiye aliyeleta sindano yenye tundu. Alitaka tumtoboe samaki ubavuni, nyuma ya pezi la kifuani, hewa iliyozidi itoke. Nilimwambia wazi kwamba sijapata kusikia mgonjwa anayetibiwa kwa kuchomwa mbavu.

"Mzee, hii kitu haiumizi yeye," akasema. "Nyinyi muombe, ni sawa. Mungu anasikia. Lakini hewa inataka tundu."

Nahodha alicheka siku ile, na si mtu wa kucheka.

Mawingu yalikuwa yamekwisha anza kujikusanya upande wa bahari tulipotoka mara ya mwisho. Hatukuambiana kuwa ni ya mwisho. Msimamizi alipanda mashuani pamoja nasi, sindano yake kwenye kopo. Maji yalikuwa mafu, mshipi umesimama wima. Nikahisi jiwe, na jiwe likaondoka. Nikavuta mara mbili, akaniwahi pangoni. Nikalegeza. Nahodha aliacha mshipi wake akanitazama. Nikaupiga uzi, nikaupiga tena. Akatoka. Nikamng'oa, na nilipojua yuko wazi, nikasimama nikaanza Baba Yetu. Sijapata kuisoma kwa makini namna ile hata kanisani. Kila kituo niliisoma yote, na kwenye mkate wetu wa kila siku nilikawia.

Alipofika juu tuliona ni urefu wa mkono, tumbo limejaa. Hakuwa mkubwa kupita kiasi, na huo ndio uzuri wake. Chewa huanza maisha akiwa jike, akizeeka akawa mkubwa sana hugeuka dume, kwa hiyo anayetafuta mama asitamani jitu. Msimamizi alimtoboa, hewa ikatoka kwa mluzi mdogo. Tukamtia tangini. Akalala ubavu.

Akalala ubavu njia nzima. Tulipofika gatini Msimamizi akasema ni lazima mtu aingie majini amshike wima mpaka apate nguvu. Sikumngoja amalize. Niliingia na nguo zangu kwenye kizimba cha kando ya gati, maji yakanifika kifuani, kiganja kimoja chini ya tumbo lake na kingine kwenye mkia, nimemwelekeza mkondo ulikotoka ili maji yaingie kinywani na kutokea kwenye matamvua. Usimvute samaki mgonjwa kinyumenyume, utamzamisha katika maji yake mwenyewe. Mkondo ulipogeuka nikageuka naye. Mwiba wa mgongoni ulinichoma kiganja, sikuondoa mkono. Mgongo wangu ulikuwa unalia. Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa, na sikuwa namwogopea samaki tu. Nilimwona mke wangu, nikamwona Kadzo, nikaona wote wanamtegemea mnyama huyu anayepumua kama aliyechoka na dunia.

"Usimkabe," Nahodha aliniambia kutoka gatini. "Mshike kama ulieshika chai ya mtu, isimwagike."

Meneja naye alikuja, akasimama na viatu vyake.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipohisi mkia ukikaza. Mara nikapigwa dafrau, kikumbo cha mkia kifuani, na mikono yangu ikawa mitupu. Nilipiga kelele. Nilidhani amezama. Nikaanza kupapasa chini ya maji kama kipofu, nikimwita kwa majina ambayo sitayaandika. Msimamizi alivaa miwani yake ya maji akajitosa kichwa chini pale kando ya wavu, na alipoinuka alikuwa anatema maji na kucheka pamoja.

"Amesimama! Mzee, amesimama huko chini! Anatuangalia!"

"Alhamdulillahi," akasema Nahodha, akaketi alipokuwa amesimama. Meneja akavua viatu, akaketi kando yake. Mimi nililia mle majini, na nilishukuru kwamba mtu aliyelowa hadi nywele haulizwi kwa nini uso wake una maji. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, hata ya siku ya kwanza. Alinipaka mafuta ya moto mgongoni, akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi yake chewa yule alikula dagaa. Masika ikaanguka, na vizimba vikabaki mahali pake. Nami nikaajiriwa kwa kudumu. Tulimpatia wenziwe, na vifaranga wa kwanza walipoanguliwa walikuwa kama vumbi lenye macho. Nahodha alipostaafu nilikalia nafasi yake. Msimamizi alipandishwa cheo akarudi bara, akiwa amekwisha jifunza kuitika "abee" akiitwa, na Nahodha hujisifu hadi leo kwamba hiyo ni kazi yake.

Msidhani kwamba baada ya hapo nilistarehe. Mfugaji wa samaki hana raha. Mvua ikinyesha sana unaogopa maji matamu yataingia horini. Jua likizidi unaogopa. Kukiwa kimya unaogopa zaidi. Miaka yote ile nilikuwa nikifika gatini naanza kutazama juu ya maji kabla ya kumsalimia mtu, nikitafuta tumbo jeupe linaloelea. Nikilikosa, napumua. Watu walidhani nina kiburi.

Nilipostaafu mwaka jana, wenzangu walinifanyia karamu palepale gatini. Mke wangu alikuja na leso mpya. Walipika wali, wakaleta sinia, na juu ya sinia kulikuwa na chewa mzima, kutoka vizimba vyetu wenyewe, mjukuu wa wajukuu wa yule mama kwa hesabu zangu, amelala ubavu katika tui zito la nazi, jicho limekuwa jeupe. Wote walikuwa wakinitazama.

Nilimtazama kwa muda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza kazini kumwona chewa aliyekufa na moyo wangu usishtuke. Nikanawa mikono, nikaomba nipewe kichwa.