Tangi Langu la Miaka Thelathini

Mwaka 1972 nilikaribia kufa kwa kiu nikiwa ndani ya tangi la maji.

Tangi lenyewe nililichora mimi. Cheka tu, nimeshazoea.

Naitwa Asmani, wa hapa hapa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa. Uhuru ulipoingia, Wazungu wakaondoka ofisini, na mimi niliyekuwa nawachongea penseli na kuwanakilia ramani nikaachiwa mradi wa maji ya mji. Kichwa kikavimba. Nikawa navaa tai hata sokoni.

Nikapanga maji ya miaka thelathini mbele. Watoto ambao mama zao walikuwa bado hawajaolewa, mimi nilishawatengea ndoo zao.

Tangi nikaliweka kilimani, kubwa ajabu. Pampu nikaiweka ufukweni kabisa, ili mabomba yawe mafupi.

Watu kuongezeka, hilo nililipigia hesabu. Ziwa nalo kuongezeka, hilo halikunijia akilini.

Basi bwana, mvua za miaka ile hazikuwa za mchezo. Ziwa likapanda, likameza pampu kabla haijasukuma hata tone. Tangi likabaki kavu, nami nikabaki na jina.

"Bwana Plani, maji iko wapi?" wanawake waliniuliza kila nikipita.

"Subirini. Iko mu mpango."

Wakasubiri mpaka wakachoka kuuliza.

Halafu ukaja ule mwaka wa 1972. Watu walikuwa wanatolewa majumbani na wenye silaha, na hawarudi. Sitasimulia yote, roho yangu inauma mpaka leo.

Jirani yetu Sabine aliingia mlango wa nyuma, mtoto mgongoni. Mume wake, mwalimu Jean-Pierre, alikuwa ameshachukuliwa.

"Dada Zuwena, nifiche," akamwambia mke wangu.

Zuwena akanigeukia. "Baba Batuli, ile tangi yako. Hakuna mutu anakumbuka kama iko na mulango. Na weye ingia, wanatafuta hata watu wa biro, wenye kazi ya ofisi kama weye."

Tukapanda kwa kupitia kwenye michikichi, tukajifungia. Jua likawaka juu ya zege, humo ndani tukaiva. Kesho yake chupa yetu ilikuwa imeisha, maziwa ya Sabine yamekauka, na mtoto akaanza kulia.

Tangi tupu linavuma, jamani. Kilio kidogo kikawa kikubwa, na barabarani chini walipita watu wenye silaha. Nikampa mtoto kidole changu anyonye, akakitema.

Sabine akaninong'oneza: "Baba Batuli, ulipangia maji watoto hawajazaliwa. Huyu amezaliwa. Yake iko wapi?"

Niliona aibu hata gizani.

Nilijua Zuwena hawezi kutuletea. Mwanamke akipanda kilimani na mtungi ataulizwa anampelekea nani, maana huko juu hakai mtu.

Mara mlango ukalia. Sabine akamziba mtoto mdomo.

Alikuwa Zuwena, na beseni la nguo kichwani.

Wanawake wa kwetu wakishafua ziwani huanika nguo kwenye majani ya kile kilima. Alipita mbele ya wale watu na beseni lake, wala hawakumtazama. Ila nguo zake hakuzikamua.

Akachukua kanga, akaikamulia kwenye bakuli. Maji yakatiririka. Mtoto akanywa, akanyamaza. Sabine akanywa, akalia.

Zamu yangu ilipofika, nguo iliyobaki ilikuwa suruali yangu ya ofisi.

"Kunywa," Zuwena akasema. "Sabuni sikutia."

Nikanywa, tena nikaomba na ya mfuko wa nyuma.

Alifua hivyo kila siku, mpaka Sabine akapata mtumbwi wa kumvusha yeye na mwanawe hadi Congo, nami nikashuka hali ilipotulia. Majirani walimsifu Zuwena kwa usafi.

Mungu amrehemu. Namlilia mpaka leo, na sioni haya kulisema.

Siku hizi vijana wa ofisi ya maji huniletea plani zao za mwaka 2050 niwape baraka. Ni nzuri, zina rangi. Huwa nawauliza kitu kimoja tu: leo mchana, nani ana kiu? Wakianza kutafuta kwenye karatasi, nawarudisha mtaani wakaulize.