Mjomba Laurenti Aenda Kwenye Usaili

Eufrazia alipoitwa kwenye usaili, mtaa wao wa Kilakala ulijaa mabingwa wa usaili ghafla. Bingwa mkuu alikuwa Rogers, jirani yao, ambaye alishasailiwa na kila ofisi yenye bango hapa Morogoro na hakuna hata moja iliyomwajiri. Uzoefu wa namna hiyo hauokotwi barabarani. Kila jioni alijikalia kibarazani kwa kina Eufrazia, akinywa chai ya watu na kumfundisha binti wa watu kusema uongo huku akitabasamu.

"Wakikuuliza udhaifu wako," alisema, "waambie unafanya kazi kupita kiasi. Hapo umewamaliza."

Eufrazia akakariri. Angefanya nini? Alikuwa na shahada ya biashara ya kilimo, na huu ulikuwa mwaka wa pili yuko nyumbani, kila mpita njia akimuuliza, "Vipi, bado tu?" Kazi yenyewe ilikuwa ya afisa ugani katika kampuni moja ndogo inayonunua mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wa milimani. Aliitaka mpaka inamuuma. Mama yake alishatamka kwamba akiikosa na hii, apande Matombo akashike jembe shambani kwa mjomba wake.

Mjomba huyo, mzee Laurenti, alishuka mjini siku moja kabla ya usaili, na mkungu wa ndizi begani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Kwa hiyo mzee hakuona tofauti yoyote kati ya usaili na posa. Watu wanamtaka mtoto wetu, anakwendaje peke yake?

"Shikamoo, mjomba. Lakini kwenye usaili mtu haendi na mzazi."

"Marahaba. Mimi si mzazi, mimi ni mjomba wako."

Kwa hoja nzito kama hiyo kesi ikaisha. Asubuhi wakaongozana, mzee kavaa koti lake la kanisani. Ofisi ilikuwa nyumba ya kawaida tu, naye akaketi kwenye benchi la kibarazani, chini ya dirisha lililo wazi, akatulia.

Ndani kulikuwa na wasaili wawili, kijana mwenye kompyuta na mama mmoja mwenye miwani, Mama Hosiana, ambaye ndiye meneja. Eufrazia akawamwagia somo lote la Rogers: yeye ni mchapakazi, mbunifu, presha ya kazi kwake ni burudani. Mama Hosiana aliandika kivivu, akapiga mwayo uliofichwa vibaya.

"Na udhaifu wako?"

"Nafanya kazi kupita kiasi."

"Nani, huyo?" sauti ikatoka dirishani. "Huyo analala mpaka saa nne!"

Wasaili wakageuka. Kichwa cha mzee Laurenti kikachomoza, kofia mkononi.

"Poleni na kazi, wanangu. Mimi ndiye mjomba wake. Mimi nikimtoa mtoto wa dada yangu, nataja na kasoro yake kabisa, msije mkanirudishia."

Eufrazia alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama Hosiana akaweka kalamu chini.

"Ni kweli, binti?"

Somo la Rogers lilikuwa limeyeyuka lote. "Ni kweli," alisema. "Chuoni nilikuwa naamka alfajiri. Sasa hivi niamke niende wapi, mama? Nikiamka mapema, siku inakuwa ndefu mno."

Mama Hosiana akavua miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Gari letu la mlimani linaondoka hapa Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Utaamka?"

"Ataamka," sauti ya dirishani ikajibu.

"Mjomba, nyamaza," alisema Eufrazia, machozi yakimlengalenga. "Nitaamka mwenyewe."