Babu Alinipeleka Kwenye Meli ya Majeruhi

Usiku ule nililala nikiwa nimekubali kumdanganya mama. Kidonda cha sukari kilikuwa kimemla mguu wa kushoto, na daktari alitueleza kwamba asubuhi angeukata chini ya goti. Tukaomba tumwambie wenyewe. Mjomba Salehe, kaka yake mama, akaamua kwa niaba yetu sote: "Mwambieni wanausafisha tu. Akijua atakataa, na akikataa tunamzika." Sikubisha. Nikaenda nyumbani kwa mjomba, nyuma ya hospitali, nikajilaza na nguo zangu.

Ndipo akaja Babu Hamisi, baba yao. Alifariki nikiwa darasa la sita, mzee wa kukohoa na kulalamikia chai, lakini huyu aliyekuja alikuwa kijana wa kaptula nyeupe na raba nyeupe, beseni mkononi. Nilimtambua kwa masikio yake makubwa. Wakati wa vita vya Burma alikuwa mhudumu wa wodi katika meli ya majeruhi.

"Nifuate," alisema. "Na usikanyage bandeji."

Tulipita mlango wa jikoni kwa mjomba, tukatokea melini. Ilikuwa meli ya abiria, ya matajiri, kabla vita havijaifanya hospitali. Imepakwa rangi nyeupe, mkanda wa kijani umeizunguka, ubavuni ina misalaba myekundu. Meli nyingine zinapita gizani zikijificha. Hii inawaka taa zote, ili adui aone kuwa imebeba wagonjwa, asiipige.

Ukumbi wa dansi ndio wodi. Sakafu bado inang'aa. Vitanda vimefungwa kwa skrubu pale walipokuwa wakizunguka mabwana na mabibi, na juu ya piano kuna rundo la blanketi.

Askari mmoja anamshika babu mkono. Mguu wake umevimba, umekuwa mweusi.

"Hamisi, niambie kweli. Wanaukata?"

Wa kitanda cha jirani anacheka. "Muulize vizuri huyo! Mimi aliniambia sindano haiumi, nikaona nyota mchana."

Babu hacheki. Anaweka beseni chini, anakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wanaukata. Asubuhi."

Askari anageuza uso. Halafu anauliza, "Mbona sista alisema wanausafisha?"

"Sista hana lugha ya kukuambia. Mimi ninayo."

Yule askari analia bila sauti. Babu haondoki, wala hampi maneno ya kumtuliza. Mwisho askari anajifuta kwa shuka. "Basi niletee maji. Niuoshe mwenyewe." Anauosha polepole, kidole baada ya kidole, kama mtu anayemuosha mtoto. Jirani yake aliyecheka amejiinua kitandani. Naye anatazama.

Nainama kulipokea beseni. Ninapoinua kichwa, aliyeketi kitandani ni mama, na taa za ukumbi zote zinamwangaza yeye. Babu amesimama nyuma yangu.

"Ni mguu wake, mjukuu wangu," anasema. "Mwacheni auage."

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha. Mjomba alikuwa uani akitawadha. Nilimpita bila kumwamsha mtu mwingine, nikavuka barabara.

Mama alikuwa macho. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia yote. Alitazama dari muda mrefu. Nilimshika mkono.

"Salehe anajua?"

"Anajua, mama."

"Ndiyo maana jana kaniletea keki. Mimi, mgonjwa wa sukari! Nikasema huyu leo ana jambo." Alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. "Alidhani nitakimbilia wapi, na mguu huu?"

Akavuta shuka, akautazama mguu wake mpaka akatosheka.

"Msiuache huku ukatupwa," alisema. "Ufungeni kitambaa safi, mkauzike karibu na baba yangu."

Nikaahidi. Mlango ukafunguliwa, daktari akaingia, akanitazama mimi kwanza, kama mtu anayeuliza. Mama akamuwahi.

"Karibu, mwanangu. Nimeshaambiwa. Vuta kiti, sasa nieleze na wewe."