Mafuta ya Nazi Kichwani kwa Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini, Korogwe, Mganga Mfawidhi alinitazama kuanzia viatu hadi tai akaniuliza kama nimekuja kuoa. Nilikuwa nimevaa suti. Mtu aliyeuza machungwa kwa abiria wa mabasi pale Mombo, akajisomesha mwenyewe, akaenda Nairobi na kurudi na stashahada ya kupima umeme wa ubongo, haingii kazini na shati la mitumba. Fundi wa kipimo hicho nilikuwa peke yangu. Sijisifu, naeleza tu.

Kazi yenyewe ni hivi. Unapachika elektrodi, yaani vidude vidogo vya chuma vyenye waya, juu ya ngozi ya kichwa kwa jeli. Ubongo ukifanya kazi, mashine inachora mawimbi. Ngozi iwe safi, la sivyo utapima upuuzi.

Miaka mingi nilipima wagonjwa wa kifafa. Nilipohamishiwa Handeni akaja Daktari wa Utafiti, mama mmoja mkali, aliyechunguza watoto wenye usonji ambao wana kipaji kikubwa cha hesabu. Alinieleza kuwa wengine, wakipiga hesabu, huonekana kutumia hata eneo la ubongo ambalo wengi wetu tunalitumia kutambua nyuso. Kwa nini iwe hivyo, bado wanatafuta. Nikamwambia asihofu, mimi nipo.

"Hilo ndilo ninalohofia," akasema.

Zaituni, mmoja wa watoto hao, aliletwa kutoka Sindeni na bibi yake, pamoja na Mwalimu Mkuu wa shule ya huko. Mwalimu alikuwa amemkatalia nafasi darasani: mtoto hasalimii, hamtazami mtu, atawezaje kufundishwa? Bibi alimng'ang'ania hadi akakubali jambo moja: wataalamu wakisema kichwa kinafanya kazi, atampokea.

Basi bibi alikuwa amekiandaa kichwa. Kwetu mtoto hapelekwi hospitali na nywele kavu, watu watasema hana kwao. Alikuwa amemsuka upya na kumpaka mafuta ya nazi mpaka shingo inang'aa. Kila elektrodi niliyobandika iliteleza ikaangukia sikioni. Mashine ikachora kitu kama barabara ya Kwashemshi wakati wa masika.

Ikabidi kumfumua na kumwosha, naye Zaituni hakutaka kuguswa. Alipiga kelele hadi wagonjwa wa meno waliokuwa nje wakaanza kuondoka. Nikajaribu kila nilichosomea. Mwishowe nikamwambia, "Nauliza hesabu, ukijibu nagusa mara moja tu." Akanyamaza. Nikauliza, akajibu, nikagusa. Tukaenda hivyo kichwa kizima, mimi nikihakiki majibu kwa simu niliyoificha mfukoni mwa koti. Nilipomwambia moja amekosa, alikataa kuguswa hadi niangalie tena. Nilikuwa nimebonyeza vibaya.

Mawimbi yakatoka mazuri. Mwalimu akainama kwenye kioo cha mashine. "Hesabu ziko wapi hapa?"

Nilishafungua kinywa. Ningeweza kumwonyesha mlima wowote kwenye mawimbi yale, nikasema ndizo hizo. Daktari akaniwahi: kipimo kinasaidia kuelewa watoto wengi kwa pamoja, hakiwezi kuamua mtoto mmoja asome au asisome.

Bibi akakaa chini sakafuni.

"Basi bibi, tumesikia," Mwalimu akasema, akichukua kofia yake. "Na tangu asubuhi hajaniamkia."

"Mwalimu wangu," bibi akasema taratibu, "shuleni kwako unafundisha wanaojua tayari?"

Mwalimu akasimama na kofia mkononi. Daktari akaangalia dirishani. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu nipate stashahada, nikachukua kitambaa nikafuta mafuta sakafuni.

"Jumatatu aje," Mwalimu akasema. "Akae mbele."

Sasa nimestaafu, niko Korogwe, na vijana wa fani hii huja kuniuliza niliona nini kwenye ubongo wa yule mtoto. Nawaambia niliona mawimbi, na kwamba mtu anayedai aliona zaidi ya hayo anatafuta cheo. Juzi Mwalimu Mkuu alinipigia simu. Zaituni amemsahihisha ubaoni, siku ya kikao cha wazazi, bila hata kugeuka kumtazama. Akaniuliza kwa adabu kama hakuna kipimo kinachoweza kumhamishia mtoto huyo darasa la mwalimu mwingine.