Mkono wa Mwezekaji

"Acha uongo, Gyde! Hii dansi yetu ya sønderhoning haikuletwa na mabaharia. Upepo ndio ulioizaa, hapa hapa kisiwani Fanø. Babu na bibi yangu walikumbatiana ufukweni wasipeperushwe, wakazungushwa mpaka wakapata watoto saba!"

"Ndiyo maana wewe mjukuu wao ulizaliwa na kizunguzungu, shoga. Lakini dansi ya kwanza leo ni yangu."

Mimi na Gyde tulikuwa ukumbini tukimgombea mwezekaji wa mapaa ya matete. Kabla ya kucheza hujipaka mafuta ya kondoo viganjani, ili mikono iliyokwaruzwa na matete isinase sketi za watu. Yeye hukuzungushia mkono wa kulia kiunoni, mkatembea hatua chache kama mnaokwenda dukani, kisha mkaanza kuzunguka na kuzunguka, miguu ikisugua sakafu, naye kafumba macho. Kiganja hukubonyeza mgongoni kana kwamba anatafuta panapovuja. Mwaka jana fidla ilinyamaza, yeye akaendelea kunizungusha mara tatu nzima, akiimba wimbo puani.

"Alikuwa amelala," Gyde akasema.

"Basi leo alale tena, na mimi—"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia akikung'uta vumbi la matete, akanyoosha mkono wa kulia. Tukasimama sote wawili kwa pamoja.