Mfalme Aliyeanza na Kidole

Naishi peke yangu katika nyumba ya ghorofa isiyo na maji, huku Mwala kwenye mashamba makavu, na wapita njia wakiiona kwa mbali hudhani mimi ni tajiri. Kila chumba kina mfereji, hata vile vya juu ambamo hakuna aliyewahi kulala ila popo. Ukifungua mfereji unasikia bomba likikoroma kidogo, basi. Maji huletwa na mwenye mkokoteni wa punda, na kila akija huniuliza kama bado sijapata mzee wa kuniweka. Nimestaafu ualimu, magoti yanalia nikiinama, naye bado anauliza. Humjibu kwamba nangoja punda wake afiwe na mke. Tukishacheka hivyo, hayo ndiyo huwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Nyumba aliijenga ndugu yangu. Tulizaliwa wawili tu, nami nilimtangulia kwa miaka mingi, hata nikawa namfunga mgongoni kama mwanangu. Sikupata mwingine wa kumfunga. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nampenda, maana yanayofuata si ya kumsifu.

Nilipokuwa shule ya bweni kule Machakos mjini, mwalimu wetu wa historia alipenda kutusimulia visa vya Wagiriki wa kale. Karibu vyote vilikuwa vya mtu aliyejiona mkubwa kuliko kimo chake akajiangamiza kwa mikono yake. Kuna kijana aliyetengenezewa mabawa ya nta, akaambiwa asilikaribie jua, akalikaribia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sisi tulikuwa tumeshaambiwa nyumbani, lakini kwa Wagiriki ilionekana mtu havunjiki guu tu, anakwisha kabisa. Likizo ikifika nilivibeba visa hivyo hadi kwetu nikamsimulia ndugu yangu, tukimenya mbaazi pamoja na mama.

Alichokipenda zaidi kilikuwa cha mfalme mlafi. Mfalme huyu alitaka kujenga ukumbi wa karamu, na miti aliyoitamani ilikuwa katika msitu wa mungu wa kike wa nafaka, mahali palipoheshimiwa kama wazee wetu walivyoheshimu ithembo, pale pa kutambikia. Aliambiwa asikate. Akashika shoka mwenyewe, na mti ukatoka damu. Basi yule mungu akamtuma Njaa. Njaa akamkuta mfalme amelala, akampulizia mdomoni, na mfalme akaota anakula. Taya zikawa zinatafuna hewa. Alipoamka alikuwa na njaa ambayo chakula kiliizidisha tu. Akamaliza ghala, akamaliza mifugo, akauza mali, akamuuza hata binti yake ili apate cha kutia tumboni. Mwishowe, palipokosekana kitu kingine, akajila mwenyewe.

"Alianza na nini?" ndugu yangu akauliza.

Mwalimu hakuwa ametuambia, nikabuni. "Kidole. Si ndicho kiko karibu na mdomo?"

Akakitazama kidole chake, kisha akakificha kwapani. Mama, ambaye tulidhani hasikilizi, akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Kwani huyo mfalme hakuwa na mama?" Kisha akatuonya kwamba ndoto ya kula ni ndoto mbaya. Ukiota unakula, ukiamka uteme mate kabla ya kuongea na mtu yeyote.

Chini ya shamba letu kuna mto ambao hupitisha maji siku chache tu mvua ikinyesha. Siku nyingine zote ni mchanga, na mgeni akiuona hudhani umekufa. Lakini mama na wenzake wa mwethya, kikundi cha wanawake cha kusaidiana kazi bila malipo, walijenga ukuta wa mawe kuukatiza. Waliyabeba mawe mgongoni, kamba ikiwakaba kwenye paji la uso, wakiimba. Mafuriko yakaja na mchanga, ukajaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji yakakaa, jua lisiyapate. Kiangazi kikiwa kikali ulichimba kwa mkono, ukangoja kidogo, ukachota kwa kikombe. Mama alikuwa akisema mchanga ndio mtungi wetu. Alama ya ile kamba ilibaki kwenye paji lake mpaka tulipomzika.

Ndugu yangu alikua akawa mzuri wa sura na mtamu wa maneno. Alikwenda kufanya kazi za mjengo upande wa Syokimau, akayaona maghorofa yanavyoota, akajua yanakula nini: mchanga kama wetu. Akarudi na lori.

Wanawake wa mwethya walimwita pale mtoni aeleze. Alikuja na miwani ya jua, akasimama juu ya ule ukuta ili wote wamwone.

"Hii mchanga itarudi tu," akawaambia. "Mvua ikinyesha, mto inaleta ingine. Sasa mnalinda nini?" Akapandisha sauti. "Mungu alisahau hii Mwala. Mimi sijasahau. Nitawaletea maji mpaka kwa nyumba, mtasahau hii mto."

Walikuwa wanawake wa kanisa wote. Niliona baadhi yao wakitazama juu, kama mtu anayengoja mwenye nyumba atoke ajibu.

Mwanzoni mbingu hazikujibu, na mto ukamwonyesha kwamba amesema kweli. Mvua ilinyesha, mchanga ukarudi. Akaongeza lori la pili. Akachota mpaka koleo likagonga mwamba, na hata hapo akaona kwamba shida ni ukuta: malori hayawezi kuupita kufika mchanga wa juu. Akaamua ubomolewe upande mmoja.

Siku hiyo mama alishuka mtoni akaketi mchangani mbele ya magurudumu. Hakupiga kelele wala kulaani. Dereva akazima injini. Ndugu yangu alikuja, akachuchumaa mbele yake, akamsemesha polepole kwa Kikamba. Mama alikuwa akimtazama tu. Basi akamwinua. Alimwinua kwa upole, mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akampeleka kwenye kivuli cha lori la pili na kumfungulia soda. "Mwaitu, kunywa," akamwambia; Mwaitu kwetu ni mama yangu. "Jua ni kali." Kisha akawaambia watu wake waendelee. Sitasahau jinsi mama alivyoonekana mwepesi mikononi mwake, na jinsi yeye mwenyewe alivyoonekana mwana mwema wakati ule ule. Mama aliishika ile soda hadi povu likaisha, akaimimina yote mchangani.

Mafuriko yaliyofuata yalipita pale palipobomolewa na kuusomba mchanga uliobaki. Ndugu yangu alikuwa amekwisha kujenga ghorofa kwa mchanga wa mto ule ule. Alichimbisha kisima kirefu karibu na jiko, kikatoa maji ya chumvi ambayo hata mbuzi waliyaramba mara moja wakaondoka. Mama alikataa kuhamia ghorofani. Alifia katika nyumba yake ya matofali, na nilipostaafu ndugu yangu, aliyekuwa akiishi Syokimau na mke na watoto, akaniomba nije nikae ghorofani kwake. "Nyumba bila mtu inaliwa na mchwa, dada," akaniambia.

Mchwa hawakuja. Alikuja yeye.

Mto ulipoisha, malori nayo yakaisha, moja baada ya jingine. Mkewe akarudi kwao na watoto. Ndugu yangu akaanza kuja na fundi, wakang'oa madirisha ya ghorofani. "Nitarudisha, dada." Nikatundika magunia. Akaja tena, wakang'oa milango ya chuma. "Nitarudisha." Kisha tangi, kisha vigae vya bafu ambamo hakuna aliyewahi kuoga. Kila alipoondoka nilifagia vumbi la saruji nikahamisha kitanda changu karibu zaidi na jiko. Nilimkasirikia sana, na bado nilifurahi kila niliposikia pikapu langoni. Upweke hauna haya. Ulinifanya nimshukuru mtu anayelivunja paa nililolala chini yake, kwa sababu angalau alikuwa akija.

Alasiri moja nilimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alikula sahani yake, akala yangu, akakomba sufuria. Halafu akasinzia kitini, na taya zake zikawa zinatafuna polepole, bila kitu ndani. Nilisimama na mwiko mkononi nikamtazama, nikaogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Nilitaka kumwamsha nimwambie ateme mate. Alipofumbua macho alikuwa wa kwanza kusema: "Dada, kuna kitu ingine ya kula?"

Wiki hiyo nikaota na mimi. Nilimwona akiwa mdogo, ameketi mezani, na mto wetu umepakuliwa kwenye sahani. Anakula kwa kijiko. Akanisogezea kiti, akasema karibu dada, nami nikaketi, nikala. Ulikuwa mtamu. Asubuhi nilitema mate nje ya mlango kabla ya kuongea na mtu yeyote, ingawa hapakuwa na mtu wa kuongea naye.

Mara ya mwisho alikuja na pikapu na wapakiaji wawili. Mkandarasi wa barabara alikuwa akitafuta mawe.

"Ni ile ukuta tu imebaki," akaniambia, akitazama pembeni. "Hata haizuii kitu."

Hakujua ninachokijua. Tangu malori yalipokoma, mvua zilikuwa zimerudisha mchanga kidogo kwenye ile kona ambayo ukuta bado umesimama. Ulikuwa wa kutosha mkeka mmoja tu, lakini ulikuwa mchanga. Sikuwa nimemwambia mtu, kama mwanamke asivyotangaza mimba changa.

Nikavaa kanga yangu nikatangulia kushuka, nikaketi juu ya mawe ya mama.

"Dada, toka hapo."

Sikutoka.

"Tafadhali usinifanyie kama Mwaitu."

Akaja akainama, na nikajua ataninyanyua. Niseme ukweli wa moyo wangu: nilitaka aninyanyue. Tangu mazishi ya mama hakuna aliyekuwa amenigusa, ila kupeana mkono kanisani. Nilifumba macho. Mkono wake ukafika mgongoni kwangu, ukakaa hapo. Kisha nikamsikia akishusha pumzi, akaketi kando yangu.

Wapakiaji walingoja, wakachoka, wakaenda kukaa kwenye pikapu.

"Ile mfalme yako," akasema. "Ulisema alianza na kidole?"

"Nilibuni," nikamjibu. "Mwalimu hakutuambia."

Akashuka ukutani, akapiga magoti kwenye ule mchanga mdogo, akaanza kuchimba kwa mkono kama tulivyofundishwa. Alichimba mpaka kiwiko kikazama. Maji hayakutoka. Lakini alipovuta mkono, kidole kilikuwa kimeshika mchanga uliolowa, mweusi. Akakitazama kama alivyokitazama utotoni siku ile ya mbaazi. Safari hii hakukificha. Alikitia mdomoni, akanyonya, akatafuna, na nikasikia chembe zikisagika kwenye meno yake, macho yakiwa wazi.

"Dada," akasema, "uko na maji?"

Nikamwambia yako nyumbani, yale ya punda. Nikashuka ukutani na kumwacha pale na mawe, na watu wake, na pikapu, nikapanda mlima mbio kadiri magoti yalivyoniruhusu. Nilimimina kikombe kikajaa, nikarudi nikikikinga kwa kiganja kisimwagike.

Ukuta ulikuwepo, mawe yote mahali pake. Yeye hakuwepo, wala pikapu. Hajarudi mpaka leo, na simu yake haipatikani. Nilisimama na kikombe mpaka mkono ukachoka, kisha nikayamimina yale maji kwenye shimo alilochimba.